Ndege na Wadudu wa Mwisho wa Masika Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaopanga kuja Mbeya, Makete, Mbarali na Kyela kutazama ndege. Mengine yametoka kwa wenyeji wanaoshangaa kuona watu wamesimama kando ya barabara ya Isyonje na darubini shingoni huku manyunyu yanawalowesha. Kama unatafuta tembo na simba, hapa sipo penyewe.

Mwisho wa masika kwenu ni lini hasa?

Huku tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba, ukichelewa Desemba, na hukata mwishoni mwa Aprili. Rungwe na Kyela huendelea kunyesha hadi Mei, na ukungu wa huko hauna adabu, unaweza kukaa siku nzima. Kwa hiyo sahau hesabu za vuli na masika za Dar es Salaam. Ukurasa huu unahusu Machi, Aprili na siku za mwanzo za Mei.

Kwa nini nije kwenye matope? Si bora Julai barabara zikiwa kavu?

Julai utapata barabara kavu na nyasi kavu. Kitulo miezi hiyo umande unaganda usiku, maua yamekwisha, wadudu wengi wamekufa wakaacha mayai ardhini, na ndege wanaowategemea wameshahama. Utapiga picha nzuri za milima, basi.

Machi mambo ni mengine. Mvua imenyesha miezi minne, nyasi zimefika kiunoni, wadudu wamejaa. Ndege wa hapa wanamalizia kulea makinda, na papo hapo wageni kutoka Ulaya na Asia wanakula kwa pupa ili wapate mafuta ya safari ya kurudi kwao. Wote hao wanagombea chakula kilekile. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia: mtafute mdudu kwanza. Ukijua yuko wapi na anaamka saa ngapi, ndege utamkuta hapohapo bila kuhangaika.

Nianzie wapi?

Kitulo. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na uwanda wake uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu.

Njia ziko mbili. Ukitoka Uyole unashika barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, kisha unakata kushoto na kupanda. Au unatokea Chimala, unapanda kona za Hamsini na Saba kwenda Matamba. Hii ya pili inapendeza macho, lakini kama mvua imepiga usiku na gari lako halivuti kwa magurudumu yote manne, pita Isyonje. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo usitegemee kutoa noti getini.

Ni lazima niamke alfajiri?

Kitulo hapana, na hapa wengi hawaniamini mpaka wajionee.

Saa kumi na mbili asubuhi uwanda wote umelowa na baridi imeshika. Wadudu wengi wa mchana hawana joto lao wenyewe la kuwatosha kuruka, lazima waliazime juani. Chuchumaa utazame shina moja la nyasi: panzi amejishikiza kwa miguu yote sita, matone ya umande yamemganda mgongoni, na ubavu wake ameuelekeza mashariki. Ukimgusa haruki. Anasogeza mguu mmoja wa nyuma, pole pole, halafu anatulia. Nyuki aliyelala ndani ya ua naye yuko vivyo hivyo.

Kuanzia saa tatu jua linachoma, na ghafla uwanda unaanza kuvuma. Panzi wanaruka, inzi wanapanda, vipepeo wanafungua mabawa, na mbayuwayu wanatokea usijue walikuwa wapi, wanapita kimo cha goti mbele yako. Hali hiyo hudumu hadi saa sita au saa saba. Saa nane mawingu yanafunga, na hapo ni chai.

Usangu (tambarare za Mbarali) na Kyela, ambako ni chini na kuna joto, kanuni ya kawaida inafanya kazi: alfajiri na jioni.

Mbayuwayu buluu wa Kitulo ana nini hasa, mbona watu wanasafiri mbali kumwona?

Kwanza ni mchache. Yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini, kwa sababu anataka kitu kimoja ambacho watu nao wanakitaka: nyasi za milimani. Sehemu nyingi za kusini mwa Afrika nyasi hizo zimegeuzwa mashamba ya miti ya mbao, ngano au viazi.

Pili, makazi yake ni ya ajabu. Hajengi kwenye dari la nyumba wala chini ya daraja. Anaingia kwenye mashimo yaliyochimbwa na muhanga, au mahali ardhi ilipobonyea na kutoboka, na kubandika kikombe cha udongo na nyasi kwenye paa la shimo. Muhanga akiwindwa akaisha, mbayuwayu naye anakosa nyumba. Kwa hiyo ukiona shimo la muhanga Kitulo, usilisogelee wala kuchungulia. Kaa mbali, subiri.

Huwa hapa kuzaliana kuanzia Oktoba hivi hadi Machi, kisha huhamia pande za Uganda, kaskazini mashariki ya Kongo na magharibi mwa Kenya. Ukichelewa hadi katikati ya Aprili unaweza kukuta ameondoka.

Wale waliojipanga kwenye nyaya za umeme Uyole ndio hao?

Siyo. Wale ni mbayuwayu wa kawaida, wageni kutoka Ulaya na Asia. Wana koo jekundu na tumbo la rangi ya maziwa. Mbayuwayu buluu ni buluu iliyoiva mwili mzima, anang'aa kama chuma kilichopakwa mafuta, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Usimchanganye pia na mbayuwayu mweusi wa kando ya misitu: huyo haoni aibu kukaa kwenye kivuli cha miti, wakati buluu anapenda uwanda ulio wazi.

Wa kwenye nyaya wana uzito wa gramu 20 hivi. Mwezi wa tatu utawaona wanakusanyika jioni, wanapiga kelele, manyoya mapya yamekamilika. Kisha asubuhi moja nyaya zinakuwa tupu.

Korongo weupe wanaotembea kwenye mahindi wanafanya nini? Wanaharibu?

Waache wafanye kazi. Wanaokota viwavijeshi, panzi na mende. Mahindi hawali.

Viwavijeshi wa asili hutokea kwa makundi baada ya mvua za dhoruba, wanatembea juu ya majani mchana kweupe, na korongo akiwapata anashinda hapo. Kiwavijeshi vamizi, yule wa kutoka Amerika aliyeonekana nchini mwaka 2017, ana hila. Anazama ndani ya moyo wa mhindi, na mdomo wa korongo haumfikii kirahisi. Kwa huyo usimtegemee ndege, kagua shamba mapema.

Korongo hawa huzaliana Ulaya. Hawapendi kuvuka bahari pana, kwa sababu wanasafiri kwa kupanda hewa ya moto inayoinuka kutoka nchi kavu, kisha kuteleza mbele bila kupiga mabawa. Ndiyo maana wa mashariki huzungukia Uturuki na Sinai, wakafuata mto Nile hadi kwetu. Watu wazima wengi huondoka Februari na Machi. Ukikuta wachache Mei, yaelekea ni vijana ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa.

Hadithi yao moja inanifurahisha sana. Zamani Wazungu hawakujua ndege wao wanakwenda wapi majira ya baridi, na wengine waliamini mbayuwayu wanalala chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo akakutwa na mkuki wa Kiafrika wa karibu sentimita 80 umepenya shingoni. Alikuwa ameruka nao kutoka Afrika mpaka kwao. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa mahali pake.

Mbona kuna kerengende wengi sana kila mvua ikisimama?

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Wengi unaowaona wakizunguka juu ya viwanja vya mpira na madimbwi ya barabarani ni kerengende wa rangi ya dhahabu iliyofifia, mwenye mabawa mapana ya nyuma. Anataga kwenye madimbwi ya muda, yale yanayokauka mvua ikikata, kwa hiyo watoto wake hawana muda wa kupoteza: wanakua ndani ya wiki sita au zaidi kidogo, wanatoka majini, wanaondoka na upepo.

Wanakwenda wapi? Mtaalamu wa bahari Charles Anderson, aliyeishi Maldives, alijiuliza kinyume: hawa wanaotua kwenye visiwa vyetu kila Oktoba, kisiwa hakina hata mto, wanatoka wapi? Mwaka 2009 alichapisha hoja yake kwamba wanatoka India na wanaelekea Afrika Mashariki, wakivuka bahari juu juu, na kwamba kizazi kinachozaliwa huku hurudi Asia upepo ukigeuka.

Sasa mtu wa pwani ukimweleza hivyo hashangai. Ni kaskazi na kusi! Upepo uleule ulioleta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni miezi ya mwisho wa mwaka na kuyarudisha baada ya Aprili. Mdudu asiyefikia gramu moja anafuata ratiba ya manahodha.

Na ndege yupo palepale. Kozi wa Amur, kipanga mdogo anayezaliana Siberia na kaskazini mwa China, huvuka bahari hiyohiyo kuja kusini mwa Afrika, na kerengende ni mojawapo ya vyakula vyake. Kuanzia mwisho wa Machi tazama angani jioni kwenye tambarare: vipanga wembamba, dume la kijivu iliyokoza na miguu ya rangi ya chungwa, wanakamata kitu hewani kwa mguu na kukila wakiruka.

Mimi nalima mpunga Ubaruku. Ninyi mnawasifu ndege, sisi kwelea wanatumaliza. Mnasemaje?

Pole sana, na uko sahihi kuuliza. Kwelea kwelea ndiye anayetajwa kuwa ndege wa porini aliye na idadi kubwa kuliko wote duniani. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na anakula gramu 10 za mbegu kwa siku. Piga hesabu: kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku.

Kwa kawaida anapenda mbegu ndogo za nyasi pori. Tatizo linaanza mbegu hizo zinapopungua wakati mpunga uko kwenye maziwa, punje zikiwa bado laini, na Mbarali wakati huo ni mwisho wa masika hadi kiangazi kinapoanza. Halafu kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalijui: makinda yake hulishwa wadudu siku za mwanzo. Mwaka wa panzi na viwavi wengi ni mwaka wa makinda wengi kupona.

Kuamia bado ndiyo kinga ya kila siku. Dungu lililoinuka, kamba zenye makopo, watu wawili wa kupokezana, hasa saa mbili za kwanza asubuhi na mbili za mwisho jioni. Watoto waende shule jamani, kuamia siyo kazi ya kumkosesha mtoto mtihani. Mkiona wamejenga mamia ya viota kwenye miiba au wanalala kwenye matete, toeni taarifa kwa ofisa kilimo mapema, kabla makinda hayajaruka. Makinda hutoka viotani haraka mno.

Ndege ya serikali ikinyunyizia dawa, msiokote wale waliokufa kwa ajili ya kitoweo. Dawa hiyo haichagui. Bundi na tai wanaokula mizoga hiyo nao hufa, na hapo ndipo mimi na maofisa huwa tunabishana.

Nimeambiwa okidi za Kitulo zinategemea wadudu. Kivipi?

Kitulo ina aina 45 hivi za okidi za ardhini, na kila moja ina mbinu yake. Chukua zile nyeupe zenye kijani kwa mbali. Mchana hazina mvuto wala harufu. Jua likizama zinaanza kunukia, na nondo wakubwa wanakuja. Nekta iko chini kabisa ya mrija mwembamba nyuma ya ua, kwa hiyo nondo hana budi kusukuma uso wake ndani. Akitoka, vifuko viwili vya chavua vimeshabandikwa kwenye mrija wake wa kunyonyea au hata machoni, na anavipeleka kwenye ua linalofuata. Ukimulika tochi unaweza kumwona nondo amebeba vijiti viwili vya njano usoni kama miwani iliyovunjika.

Maua marefu mekundu na ya chungwa yanayosimama kama mwenge ni ya chozi. Chozi wa kijani kibichi chenye mng'ao, mwenye mkia mrefu, hukaa juu ya ua moja na kuwafukuza wenzake asubuhi yote. Anakunywa nekta, ila makinda anawapa buibui na wadudu.

Chikanda si chakula cha kienyeji tu? Kwa nini mnakataza?

Chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi, chenyewe hakina ubaya. Tatizo ni kwamba kiazi cha okidi ndiyo mmea wenyewe: ukikichimba, mmea umekufa. Biashara ya kuvusha viazi hivyo Zambia kupitia Tunduma ilikuwa imekomba milima, na ni mojawapo ya sababu za Kitulo kufanywa hifadhi. Ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa. Nje yake, mimi ningependa vijiji vibane zaidi.

Nitaona kumbikumbi?

Umechelewa. Wanaruka mvua za kwanza, Novemba na Desemba.

Na nzige? Bibi yangu anasimulia nzige wekundu walioziba jua.

Bibi anajua anachosema. Mabonde ya Rukwa ni mojawapo ya maeneo ambako nzige wekundu huanzia, pamoja na Iku-Katavi, Malagarasi na Wembere. Kuna shirika la pamoja la nchi za eneo hili la kuwadhibiti, makao yake Ndola, Zambia. Mwaka 2009 walipoanza kujaa, walinyunyiziwa vimelea vya kuvu vinavyoua nzige bila kudhuru ndege. Ndege wanaokula nzige waliendelea kula, na hiyo naiona ni kazi safi kuliko ile ya kwelea.

Ule moshi unaosimama juu ya Ziwa Nyasa ni nini?

Hakuna moto. Ni kungu, vijidudu vidogo mithili ya mbu, mamilioni kwa mamilioni, wametoka majini kwa pamoja kujamiiana. Viluwiluwi vyao, vinavyopitisha mwanga kama kioo, hushuka kina kirefu mchana kuwakwepa samaki na kupanda usiku kula. Hawaumi. Ila wingu likifika ufukweni Matema, funga mdomo na uinamishe kichwa. Kandokando ya ziwa wapo wanaowakamata, wakawaponda na kuoka mikate. David Livingstone aliitaja katika maandishi yake karne ya 19. Mbayuwayu wakikuta wingu hilo wanalipasua katikati.

Mimi ni wa Mafia. Huko kwenu bara kuna ndege wowote wa maji kupwa na kujaa?

Yupo kitwitwi, yule mdogo wa kahawia anayetikisa mkia bila kupumzika. Wakati sululu na wenzao wakibaki kwenu kwenye matope na mikoko, yeye hupanda mito peke yake. Utamkuta Ruaha Mkuu, ufukweni Matema, hata kwenye mfereji wa umwagiliaji Igurusi. Aprili anaelekea kaskazini kuzaa.

Mwezi wa nane, ambao kule ni mwisho wa kiangazi, ndege wa matope wa Ulaya huanza kushuka na kutua pwani kujaza tumbo. Kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ni kituo kimoja maarufu: barabara yake hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na maji yakipwa matope hubaki wazi, yamejaa minyoo na konokono. Mtu wa Mafia angejisikia nyumbani, isipokuwa baridi.

Upande wa Iringa kuna nini?

Mengi, ila nitaje mmoja. Mwaka 1991 watafiti wakiwa kambini kwenye misitu ya Udzungwa waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya mboga. Haikuwa ya kuku wala kanga. Ndivyo alivyojulikana kwa sayansi kwale wa Udzungwa, aliyepewa jina rasmi 1994, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Wenyeji walishamjua zamani, tena kwa ladha. Anaparua majani makavu msituni kutafuta wadudu na mbegu. Kumwona kunataka kupanda kwa miguu milima ya Ndundulu au Luhomero, kiongozi wa huko, na subira.

Nibebe nini?

Koti la mvua, sweta nzito, buti za mpira. Darubini ya nane kwa arobaini na mbili (inayokuza mara nane, yenye vioo vya mbele vya milimita 42) inatosha. Simu itakupa picha za wadudu vizuri tu, za ndege usijisumbue. Dawa ya mbu ni ya Kyela na Usangu.

Nikikuta ndege ana pete mguuni?

Pete hizo ndizo zilizotufundisha mengi ya haya. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na ubishi wa wanakolala ukaisha.

Ndege akiwa hai, usiitoe pete. Piga picha maandishi yote kwa kuizungusha, andika tarehe, kijiji na hali ya ndege, kisha mwachie. Akiwa amekufa, itoe na uitunze. Taarifa ipeleke kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania), Arusha. Pete ya alumini haina bei yoyote sokoni, kwa hiyo usimwue ndege kwa ajili yake, hata kama kuna mtu amekudanganya kwamba wanainunua.